Viatu Vilivyombana Shosho

Nilipopata kazi kwenye ule ukumbi wa theluji ulio ndani ya mall moja Dubai, niliwapigia simu watu wote niliowajua nyumbani Kenya. Niliwaambia nafanya kazi kwenye barafu. Mama alidhani nauza samaki. Ukweli ni kwamba nilisimama nyuma ya kaunta nikigawa viatu vya kutelezea kwenye theluji, nikivipokea vikiwa vimelowa, nikivipulizia dawa ya harufu na kuvirudisha kwenye rafu. Theluji yenyewe niliiona kupitia kioo. Hilo sikulisema. Nilikuwa na furaha sana siku zile, na kila usiku kabla ya kulala nilijiona tayari niko nchi za mbali nimevaa koti refu.

Tulifundishwa kwa siku mbili namna ya kumvisha mteja. Kiatu cha kutelezea ni kigumu kama ndoo na ni lazima kibane. Soksi ni moja tu, nyepesi. Kisigino kisiinuke. Mteja akilalamika kinambana, mwambie ndivyo kinavyotakiwa, maana kikilegea atavunjika mguu. Niliyakariri hayo kwa Kiingereza na kwa Kiarabu changu cha kuombea maji. Watu wazima wenye saa za dhahabu walininyooshea miguu na kunitii. Mtu aliyeachia shule kidato cha pili akitiiwa hivyo, kichwa kinavimba bila yeye kujua.

Tulikopanga, mtaa wa Al Muraqqabat, tulikuwa wanawake sita chumba kimoja, wote Wakenya. Huko niliitwa Daktari wa Theluji. Aliyenibatiza ni yule tuliyemwita shosho, yaani bibi. Hakuwa nyanya ya mtu, miaka yake ilikuwa arobaini na mitatu, lakini sisi wengine tulikuwa wasichana, na yeye ndiye aliyekuwa akituvuta blanketi Ijumaa asubuhi, siku ya mapumziko ya huko, twende kanisani. Jina likamkaa. Alilea watoto wawili wa madam mmoja, akienda alfajiri na kurudi jioni.

Jioni moja ya Desemba alirudi, akakaa kwenye kitanda changu bila hata kuvua hijabu ya kazini, ile aliyovaa kwa heshima ya nyumba ile ingawa ni Mkristo.

"Daktari, nina kazi yako," alisema. "Wananipeleka nchi ya Jojia wiki moja. Kuna mlima na theluji."

"Shosho wewe! Utaniletea picha?"

"Ngoja kwanza. Baba watoto amepata kazi Kanada. Wanahama katikati ya mwaka. Madam anataka kuona kama mwili wangu unaweza baridi. Nikiweza, wananichukua."

Wenzetu wote wakainuka vitandani. Kanada tulikuwa tunaitaja kama watu wanavyotaja mbinguni.

"Amenipa pesa za viatu," akaendelea. "Amesema nichague vinavyonitosha vizuri. Nikamwambia hiyo si shida, nyumbani kuna mtaalamu."

Nilijiona nimerefuka futi moja.

Ijumaa baada ya ibada tukaenda duka moja la viatu mtaa wa Deira. Muuzaji alikuwa mzee wa Kizanzibari aliyekaa Dubai tangu ujana wake. Aliposikia tunaongea Kiswahili alifurahi, akatuletea viti, akatoa buti nzuri nyeusi zenye manyoya ndani. Shosho akavaa namba thelathini na tisa, ile yake ya siku zote. Mguu uliingia kwa kusukumwa.

"Hebu mwache mama avae arobaini na moja," mzee alisema. "Na soksi nene. Vidole vipate nafasi ya kucheza humo ndani."

"Hapana, baba," nikasema. "Kiatu cha theluji kinabana."

"Cha kutelezea, labda. Hivi ni vya kutembelea, mwanangu. Miye sijaikanyaga theluji, sikudanganyi, lakini nimewauzia wengi, na wote wanarudi na maneno hayo hayo. Kikibana, damu haipiti, mguu unakuwa wa baridi."

Ningeweza kusema, sawa baba, mvalishe. Ilikuwa dakika moja tu. Badala yake nikacheka, nikamwambia, "Baba, mimi kazi yangu ni theluji. Nalipwa kwa hiyo."

Mzee akainua mikono. "Haya, bibi. Miye nani."

Shosho alitutazama sote wawili. Akasimama, akapiga hatua tatu, akakunja uso kidogo. "Vinanibana, Daktari."

"Ndivyo vinavyotakiwa."

"Haya basi. Wewe ndiye unajua."

Akavilipia. Mzee alimkatia risiti, akamwambia asiitupe, anaweza kubadilisha. Njiani nilimwigiza yule mzee, "miye sijaikanyaga", mpaka shosho akacheka na kunipiga begani. Nakumbuka kicheko kile kuliko mambo mengi.

Kazini kulikuwa na msimamizi wetu, Mnepali aliyekulia milimani. Ningemuuliza swali moja tu. Lakini ningeuliza, angejua kwamba sijui.

Shosho alirudi baada ya siku nane. Alikuwa mchangamfu, alituletea peremende, alitusimulia jinsi watoto walivyomrushia theluji usoni. Lakini alilala na soksi. Asubuhi akaenda kuoga na soksi, akatoka na soksi kavu nyingine. Siku ya pili nilimkuta jikoni peke yake, mguu juu ya ndoo, anajipaka mafuta. Kucha mbili zilikuwa nyeusi. Kisigino kilikuwa kimechubuka nyama ikaonekana.

"Shosho, ni nini?"

Alishusha mguu haraka, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Akasema siku ya kwanza vidole vilikufa ganzi kabla hawajafika hata kwenye mlima. Siku ya pili hakuweza kukanyaga. Siku nne alikaa hotelini miguu juu ya mto, na madam akawa anawakimbilia watoto mwenyewe.

"Madam aliuliza nani alinichagulia viatu. Nikamwambia nilichagua mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Ungetaka nimwambie nini? Anawaleta watoto huko kazini kwenu kila mwezi." Akafunga kopo la mafuta. "Amesema hanilaumu. Amesema mwili wangu tu haukubali baridi."

Nilikuwa sijaona aibu hivyo tangu utotoni.  Mwili wake haukuwa na tatizo lolote. Mtu aliyelelewa Nyandarua, kwenye baridi ya milimani, akiamka na umande kwenda kukamua ng'ombe bila kiatu, ndiye wa kuambiwa hawezi baridi?

"Ni viatu, shosho. Ni mimi. Mpigie umwambie."

"Nikisema mimi, ataona natafuta kisingizio. Sema wewe. Wewe ni mtu wa theluji." Na hakuwa akinikejeli. Akanipa namba.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Nikasema nitapiga kesho. Jumatatu nikasema wateja ni wengi. Jumanne nilishika simu chooni kazini, nikaitazama namba, nikawaza: huyu mama akija na watoto atanijua, ataniangalia nikimvisha mtu kiatu, atamwambia msimamizi. Nikairudisha mfukoni. Jumatano sikuishika kabisa. Jioni shosho akirudi nilijifanya nimelala. Hakuniuliza hata mara moja. Angeuliza, ingekuwa nafuu.

Alhamisi nikapiga. Nilisema yote kwa Kiingereza changu cha kaunta: viatu vilikuwa vidogo, kosa ni langu, mwili wake ni mzima. Madam alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mkali.

"Asante kwa kuniambia, dear," alisema. "Lakini khalas, imekwisha. Tumempata mwingine. Jana amesaini."

Jioni ile nilimngoja shosho mlangoni. Nikamwambia nimepiga.

"Alisema nini?"

"Amempata mwingine."

Akakaa kitandani, akavua kiatu taratibu, kisha cha pili. Alikuwa anangoja niendelee, na mimi nilikuwa na neno moja lililobaki, neno "jana", na halikutoka. Mpaka leo hajui kwamba Jumatatu ingetosha. Hata Jumanne.

"Basi," alisema, akinishika mkono, yeye ndiye ananibembeleza mimi. "Usilie. Si wewe. Mungu hakupanga."

Nikasema amina.