Kilio cha Koko Wangu

Profesa wetu wa statistiki hapokei sababu. Ukiwa mugonjwa, anakwambia uje na homa yako. Mvua ikikata barabara, anauliza kama miguu nayo imekatika. Kitu kimoja tu njo kinamulainisha: kifo.

Nilikuwa nimechoka, ndugu zangu. Examen, mutihani wake, ilikuwa kesho yake na kichwani hamukuwa kitu. Nikamwambia kwamba koko wangu, mama ya baba, amefariki kule Nyamitaba. Akainamisha kichwa. "Pole, Furaha, mutoto wangu. Enda muzike."

Nikaenda kweli. Nikalala, nikala viazi vya koko, nikalala tena. Nilisahau kwamba kwetu hakuna muntu anayepewa pole ya mudomo tu.

Nilikuwa natoka kuchukua maziwa nilipoona moto mbili, pikipiki zimejaa matope, mbele ya nyumba. Profesa alikuwa ameshuka, matope mpaka kwenye magoti, mufuko wa sukari mukononi. Nyuma yake wenzangu wawili walikuwa wamevua kofia. Koko, aliyekuwa anachambua maharagi, alipoona zile sura akaweka mikono kichwani na kuanza kulia.

"Papa, ni nani amekufa?"

"Jikaze, Mama," profesa akamujibu, kwa upole ambao sijawahi kuuona darasani. "Iko koko ya Furaha."

Koko akajipangusa machozi na kitenge, akanitazama mimi na kidumu changu cha maziwa.

"Furaha iko na koko moja tu," akasema. "Njo miye."