Jiko Jipya la Baba

Muuzaji amefungua mlango wa jiko la kuni la chuma, na harufu ya majivu ya moto imenipiga usoni. Tunatafuta la kudumu, la kutupashia nyumba ya Takoma Park, huku Marekani, kila majira ya baridi. "Hili moshi wote unapanda juu," mume wangu ananiambia.

Moshi ndio uliomkohoza mama. Alipikia mafiga, mawe matatu sakafuni, na kila mara alimwomba baba amnunulie jiko la mkaa, hata la bati. Siku moja nikiwa bombani, baba mdogo alipita akicheka. "Kamwambie mama yako, baba yako kapata jiko jipya. Analileta leo."

Kicheko kile sijakisamehe.

Nilikimbia na ndoo, maji yakinimwagikia miguuni. Mama alikuwa shambani, sikumngoja. Niliyang'oa mafiga yangali na joto, nikayatupa nyuma ya nyumba, nikazoa majivu na kufagia ile pembe mpaka ikawa kama haijawahi kupikiwa. Mama aliporudi nilimweleza neno kwa neno. Aliitazama pembe tupu muda mrefu, wala hakunigombeza.

Jioni baba aliingia na mwanamke aliyejitanda kitenge kipya. Nilichungulia nyuma yao nione jiko limebebwa na nani.

"Rudisha mafiga, mwanangu," mama alisema. "Mgeni lazima apikiwe."