Majina Aliyoyasoma Theuri

Mwalimu Theuri amestaafu miaka tisa sasa, lakini pande za Gakindu hazikwi mtu kabla yeye hajasimama kando ya kaburi na kusoma historia ya marehemu. Husoma mwaka wa kuzaliwa, shule, ndoa, hata idadi ya mibuni shambani, na hajawahi kukosea jina la mtu.

Kwa sifa hiyo chama kikamtaka awe wakala wake siku ya uchaguzi. Wambugu, mratibu wa chama, alimweleza kwamba safari hii kushinda tu hakutoshi. Kura lazima zivuke nusu kwa mbali na viti vya bunge vijae, wasije wakabembeleza vyama vidogo. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: karani akitaja jina la mpiga kura, Theuri aweke alama kwenye orodha yake. Mzee akakubali, na kusema kweli kichwa kilimvimba kidogo.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Saa nane mchana mashine ya kutambua alama za vidole ikazimika, au ilizimwa, Mungu ndiye ajuaye. Anita, msimamizi wa kituo, akaagiza daftari la karatasi litumike. Foleni ilikuwa imekwisha kitambo, ila sasa wakaanza kuingia watu wageni, wawili wawili, wasiosalimia mtu.

Karani akamtaja Gathogo Ndirangu. Theuri alishtuka, maana Gathogo walimzika Machi, mvua ikinyesha, na historia aliisoma yeye. Alipoinua macho alimwona Wambugu mlangoni, anamtazama. Akatia alama. Akatajwa Ngendo, naye marehemu. Akatia alama. Wakafuata wengine watatu, wote wa makaburini, na kila alama ilimwia rahisi kuliko iliyotangulia. Hofu ilikuwa yake, sawa, lakini mkono nao ulikuwa wake.

"Wakiuru Theuri," karani akaita.

Wakiuru alikuwa mkewe wa ndoa ya miaka arobaini, na hakuwa ametimiza miezi minne kaburini. Historia yake ndiyo pekee iliyomshinda Theuri kumaliza. Msichana mwenye kucha nyekundu akaitika, "Niko."

Theuri akasimama, akamwambia Anita kwamba huyo si Wakiuru, Wakiuru amekufa. Anita hakukasirika. Aliivuta orodha ya mzee, akapitisha kidole polepole juu ya majina.

"Mwalimu, hapa uko na Gathogo. Uko na Ngendo. Hii mwandiko si yako?" akauliza. "Ama hao walikuwa hai?"

Wambugu alikuja akamshika mzee bega, kwa upole kabisa, akamwambia akae, kazi imebaki kidogo.

Msichana akapokea karatasi zake, akaingia kwenye kibanda cha kupigia kura. Theuri akaketi, akaokota kalamu, akatia alama mbele ya jina la mkewe.