Ukurasa wa Apiyo

Saumu wa Kaloleni amepanga kurasa za vitabu tangu usichana wake. Simu zilipoingia, watu waliikalia kazi yake matanga ingali hai. Wapi! Siku hizi anakiweka kitabu mtandaoni kwanza, wenyewe wakisome na kukikosoa, ndipo kiende kupigwa chapa.

Kitabu kilichomtoa jasho ni cha wake za marehemu Mzee Oduor, kule Katito. Mama Dorca, mke mkubwa, na Ajwang, mke mdogo, walimsimulia maisha yao. Saumu akaiachia kompyuta ipange sura kwa alfabeti, na Ajwang akatangulia. Dorca alipoonyeshwa kwenye simu, akawaka: kitabu kisichapwe! Katika boma la Waluo mke mkubwa hutangulia hata kupanda mbegu, na Saumu, aliyekua katikati yao, hakuwa na kisingizio. Akafunga safari kwenda kuomba radhi.

"Nyara, binti yangu," Dorca akamwambia, "huyu Ajwang alinikuta hapa. Sasa kwa kitabu yako mimi ndio nimemkuta?"

"Nisamehe, Mama. Ni kompyuta ilipanga."

"Kompyuta iliolewa hapa lini?"

Ajwang akaangua kicheko, na Dorca naye akashindwa kujizuia. Saumu akatoa simu, akazipanga sura upya papo hapo. Zamani kosa kama hilo lingekula karatasi za watu. Dorca akaliona jina lake juu na la Ajwang chini yake, lakini bado hakuridhika.

"Na Apiyo?"

Apiyo alikuwa mke wa pili. Alifariki bila mtoto, na hakuna aliyebaki wa nyumba yake wa kumsimulia. Dorca alitaka nyumba hiyo isimame pale katikati, hata ikiwa tupu. Saumu akaandika jina peke yake, akaacha chini yake nafasi ya wasomaji kuandika.

Nao wakaandika. Mtu wa Bondo alisema Apiyo ndiye aliyemfundisha kuogelea. Mwingine, aliye ng'ambo, alikumbuka kwamba kila alipochapwa nyumbani alikimbilia kwake, akapewa uji. Wote sasa wana mvi. Saumu aliwasoma huku akilia, wala hakuona haya.

Kitabu kilipotoka kwa mpiga chapa, Dorca alikipakata, akamwomba Saumu amsomee sura ya kati. Ilikuwa ndefu kuliko yake, na safari hii hakulalamika.

"Ajwang, kuja uskie," akaita. "Kwa Apiyo watoto wamejaa."