Korongo la Nyuma ya Darasa la Kwanza

Enzi zetu, kwenye vilima vya Nunguni, hakuna mtoto aliyenunuliwa mchezo. Tulikata mtungi wa plastiki uliopasuka, kila mmoja akakalia kipande chake, tukateleza kutoka juu ya kilima hadi nyuma ya shule. Kaptura zilitoboka, na mama akasema, "Endeleeni tu. Siku moja mtavaa gunia." Lakini tulifika kabla ya waliopita barabarani, muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ukiwa bado na joto kwenye mikebe yetu.

Nyuma ya shule palikuwa na korongo. Nilipoanza kusoma niliweza kuliruka. Nilipofika darasa la nne, mbuzi alitumbukia humo akatolewa kwa kamba, na ukingo wake ulikuwa hatua sita tu kutoka ukuta wa darasa la kwanza, alikosomea dada yangu Mueni.

Asubuhi moja baada ya mvua, hatua zilikuwa nne. Mwalimu wetu, Bi. Nduku, akatutoa nje.

"Haya maji yanatoka wapi?"

"Mbinguni, mwalimu," akajibu rafiki yangu Mutuku.

"Mbinguni ni kote. Mbona yachimbe hapa pekee? Pandeni mkaangalie."

Tukapanda tukifuata mkondo, tukibishana njia nzima. Mutuku alishuku shamba la jirani, mimi nikashuku barabara. Lakini shamba la jirani lilikuwa na matuta, na maji yalikuwa yametulia nyuma yake. Barabara nayo ilimwaga maji yake upande mwingine. Mkondo ukapinda, ukapita vichakani, ukatufikisha kwenye mfereji laini wa udongo mwekundu. Tuliujua vizuri. Ndipo tulipokuwa tukiteleza kila asubuhi.

Tuliporudi, Mutuku aliangalia vidole vya miguu yake.

"Ni sisi, mwalimu," nikasema, nikingoja kiboko.

Bi. Nduku akasema, "Sasa mnajua kuliko mimi. Tufanye nini?"

Muhula ule tulibeba mawe, tukayapanga kukatiza mteremko, tukapanda makonge na nyasi. Kuacha kuteleza kulituuma. Tulipita barabarani kama wazee, na Mutuku akachelewa wiki nzima. Mvua iliponyesha tena, tulisongamana dirishani. Maji yalishuka kwa kasi, yakagonga mawe, yakatawanyika polepole kwenye nyasi. Ilipokatika, Bi. Nduku alitoka kupima: hatua nne.

"Pima tena, mwalimu," Mueni akasema. Bado zilikuwa nne.

Siku hizi naishi mjini Wote. Mvua ikinyesha, maji huchimba barabara mbele ya geti letu, na watoto huyapiga video kwa simu na kuyatilia muziki. Nawacheka kwa viganja vyao laini, visivyojua uzito wa jiwe. Lakini hakuna mtu mzima aliyewahi kuwatoa nje wakaangalie. Sisi wenyewe tumejifungia ndani, tunangoja serikali ya kaunti ije.