Admin wa ward alipopeleka mzigo wa miraa kwa baba mkwe wangu

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mlio kitandani na simu.

Najua humu ndani mtu akianza hivi watu husema ni hekaya. Hii si hekaya. Imenipata mimi mwenyewe, hapa Meru, na nina hakika kuna watu wa mtaa wetu wanaosoma hili jukwaa. Wakinijua, basi wanijue. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mtu wa Embu, Kibugu, kule juu kwenye majani chai. Kazi yangu ni welding. Natengeneza mageti na grili za madirisha, na karakana yangu iko Majengo. Nilikutana na Kanana hapa mjini, tukaanza maisha, na tuna binti mmoja anasoma nursery.

Jambo moja mnielewe mapema: mimi nina wivu. Siongelei ule wa kutaniana. Kanana akichelewa sokoni, chakula hakinipiti kooni. Akicheka na simu, lazima nijue ni nini kimemchekesha. Ameniambia mara nyingi niache, na hata mama yangu mzazi ameniambia. Ndivyo nilivyo.

Sasa twende.

Mtaa wetu uko pembeni mwa mji, kwenye mteremko. Mvua ikinyesha, maji yote ya barabara ya juu yanashuka kwetu. Tumeamka mara nyingi tukapata viatu vinaelea sebuleni. Kaunti ilikuwa imesema itachimba mtaro, kwa hivyo tukaitwa public participation kwenye social hall.

Mnaijua mikutano hii. Viti vya plastiki, soda, mtu wa kaunti anasoma bajeti kwa sauti ya usingizi, na wananchi wanangoja isomwe iishe wapewe hiyo soda.

Siku hiyo Kanana alisimama akaeleza jinsi alivyobeba godoro la mtoto kichwani maji yakiwa magotini. Hakulia wala hakupiga kelele. Alieleza tu. Ilipofika kuchagua kamati ya mtaro, mimi ndiye niliyeinua mkono wa kwanza kumpendekeza awe katibu. Nilijiona nimeoa mtu wa maana.

Halafu Admin wa ward, yule msimamizi wa kaunti hapa kwetu, akasimama kumshukuru.

Tumwite Mwenda. Kijana wa shati jeupe, viatu havishiki tope hata akipita matopeni, anaongea polepole na kila mtu. Hana pete kidoleni. Hiyo niliangalia kabla ya kitu kingine chochote.

Kuanzia hapo, nyumbani kwangu jina lilikuwa ni moja. Admin ameuliza kama picha za mafuriko zipo. Admin anakuja kesho na mtu wa survey. Admin amesema kamati ikutane. Simu ya Kanana ikilia wakati wa chakula, anaenda kuongelea nje eti network ni mbaya ndani. Network yangu hapo ndani ilikuwa haina shida.

Niliharibu kazi za watu. Kuna mteja nilimtengenezea geti linalofungukia upande wa barabara badala ya ndani, kwa sababu kichwa changu hakikuwa karakana.

Niwaeleze pia shida ya mtaro, ndio muelewe kilichofuata. Ili maji yafike mtoni, ilikuwa lazima mtaro upite kwa kona ya shamba la baba yake Kanana. Mzee ni Mmeru wa Tigania, alinunua hapo zamani kabla mji haujafika. Na mzee akakataa. Watu wa survey walikuja na vigingi vyao, akavingoa. Kaunti ikatuma mwanasheria, hakupewa hata kiti. Kanana alijaribu kuongea naye kama mtoto wake, ikashindikana. Contractor akaanza kusema atahamishwa ward nyingine.

Haya yote niliambiwa. Yalipita kwa sikio moja yakatokea kwa lingine, maana mimi nilikuwa nahesabu tu ni mara ngapi Kanana ametaja jina la Mwenda.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Niko karakana, naona pickup ya kaunti imepaki ng'ambo, mbele ya wauza miraa. Mwenda akashuka. Akachagua miraa kwa utaratibu, kijiti baada ya kijiti, muuzaji akaifunga vizuri na majani ya mgomba, kamba pande zote, ikawa mzigo wa kupendeza. Akaubeba kwa mikono miwili.

Kwenye kiti cha mbele cha ile pickup alikuwa ameketi Kanana. Amevaa lile rinda lake la kanisa.

Jirani yangu pale Majengo ni Hamisi, ana bucha. Alikuwa amesimama mlangoni na kisu mkononi, anaangalia nilichokuwa naangalia. Nikamuuliza ule mzigo ni wa nini. Hamisi amezaliwa hapa, anajua mambo ya Wameru.

"Hiyo ni ncoolo, bwana," akasema. "Hiyo haitafunwi njiani. Inapelekwa kwa baba ya msichana."

Akarudi ndani kukata nyama. Sijui kama alijua amenifanya nini.

Wakuu, hapa ndipo niwaambie kitu ambacho kiliniuma kuliko ile pickup. Mimi na Kanana ni come-we-stay. Sijawahi kwenda kwao rasmi. Kila mwaka nilikuwa nasema tungoje kidogo, kazi itulie, nyumba ikamilike. Mzee huniita kwa jina langu, hajawahi kuniita mkwe. Mimi ndiye ninayemwita baba mkwe.

Kwa hivyo nikikaa nifikirie, mwanaume yeyote akifika pale na mzigo wa heshima, ana haki kuliko mimi. Mtoto ni wangu, nyumba ni yangu, lakini kwa macho ya wale wazee sina chochote. Wivu ulinishika. Niliacha mashine ikiwaka, nikapanda bodaboda.

Nilipofika kwa mzee, pickup ilikuwa imeshaingia. Sikubisha hodi.

Sebuleni walikuwa wameketi mzee, wazee wengine wawili wa ukoo, mama mkwe karibu na mlango wa jikoni, na Kanana kwenye stuli. Mwenda alikuwa kwenye kochi, mikono juu ya magoti, amekaa kama mtoto wa confirmation. Na mzigo uko mezani, kwenye sinia, haujafunguliwa.

Nikasema, na nilisema kwa sauti ambayo majirani waliisikia, kwamba huyu ni mke wangu na haombwi na mtu. Nikamwambia Mwenda achukue majani yake aende akatafute wasichana huko kwao. Yapo mengine niliyosema ambayo moderator ataniondolea, kwa hivyo nayaacha.

Mwenda alimwangalia Kanana, na Kanana akaangalia sakafu.

Mzee akanionyesha kiti kwa kidole. "Kijana, keti," akasema. "Huyu ameleta ncoolo ya maji. Anaomba mtaro ipite kwa shamba yangu. Hivyo ndiyo mtu huomba kitu hapa, si kwa kutumia mimi wakili. Sasa wewe unasema huyu ni bibi yako. Ncoolo yake iko wapi? Mimi sijaiona."

Kumbe ncoolo si ya kuomba msichana peke yake. Ukitaka njia kupita kwa shamba la mtu, ukitaka kumaliza ugomvi na jirani, ukitaka wazee wakae chini wakusikilize, unaenda nayo. Kanana ndiye aliyemshauri Admin, na akamsindikiza kwa sababu ni nyumbani kwao. Mtoto yeyote wa Meru angejua angalau aulize ni ya nini. Mimi mtu wa Embu nilikuwa nimesikia nusu, na hiyo nusu ikanitosha.

(Kabla hamjaanza kuandika eti Admin alitoa hongo: ni heshima, si hongo. Mzee mwenyewe angeweza kununua miraa ya wiki nzima bila kusumbuka.)

Nilidhani nimeaibika, yameisha. Hayakuwa yameisha. Mzee alisukuma ile sinia pembeni. Akamwambia Mwenda kwamba hawezi kutafuna, yaani kukubali, ya maji wakati ya msichana wake haijawahi kufika, na sasa imetajwa mbele ya wazee. Akasema ile ya kwanza ije kwanza, ndipo ya pili izungumzwe.

Mtaro wa ward nzima ukasimama kwa sababu yangu.

Kanana hakurudi nyumbani siku hiyo. Aliniambia nimletee nguo za mtoto, basi.

Wiki zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Kamati ya mtaro ilikuja karakana, akina mama na gumboots zao, wakanizunguka nikiwa nimevaa miwani ya welding. Mmoja akaniuliza kama nangoja nyumba yake ibebwe na maji ndio nioe. Wateja wakaja kuuliza bei ya grili, wakimaliza wanauliza ncoolo imefika wapi. Kanisani mchungaji aliombea ndoa zote za mtaa, akaniangalia.

Hata Mwenda alikuja mwenyewe. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniudhi zaidi. Aliniambia contractor hatangoja milele na pesa ya mradi itarudishwa, kwa hivyo tusaidiane. Halafu akasema Kanana amemtuma anikumbushe kupeleka dawa ya kifua ya mtoto. Hebu fikirieni. Mwanamke wangu anamtuma yule aniletee mimi salamu. Nilishukuru kwa mdomo tu.

Nikapiga simu Kibugu. Baba zangu wadogo wawili wakashuka na suti zao na gunia la majani chai kama zawadi, hawajui hata miraa inashikwaje. Hamisi alinisaidia kuichagua. Nafikiri dhamiri ilikuwa inamsuta, maana alikataa kuniuzia nyama ya safari, akanipa.

Tulipofika kwa mzee, Mwenda naye alikuwepo na mzigo mpya, maana ule wa kwanza ulishakauka. Mizigo miwili ikawekwa mezani, ubavu kwa ubavu. Wangu ulikuwa mkubwa kidogo. Nilihakikisha.

Kwa desturi yao, baba hafungui kabla ya kumuuliza msichana. Mzee akamwita Kanana kutoka jikoni, akamuuliza aanze kutafuna ya nani.

Kanana alisimama hapo na aproni. Baba mdogo akanishika mkono.

"Anza na ya maji," akasema. "Maji hayajawahi kunifuata na bodaboda."

Wazee walicheka. Hata baba zangu wadogo walicheka. Mzee akafungua ule wa Mwenda, akachukua kijiti, akatafuna, na mtaro ukawa umepita. Halafu akashika wangu, akamwangalia binti yake.

Kanana hakutania tena. Alinigeukia mimi, akanijibu mimi badala ya baba yake.

"Hii isifunguliwe," akasema. "Miaka yote hiyo hukuja. Umekuja kwa sababu uliona mwingine amekuja. Njoo siku ambayo hakuna mwingine, nitasema ndiyo."

Mzigo wangu ukarudishwa kwa baba mdogo. Tukanywa chai yetu wenyewe ya Kibugu, tukaondoka.

Mtaro ulichimbwa. Mvua zimekuja, na nyumba za mtaa wetu zimekaa kavu. Maji yanapita kwa kona ya mzee yanaenda mtoni kwa adabu zake. Mwenda amepewa ward nyingine, mbali, na nasikia huko ameoa. Kanana bado yuko kwao. Mtoto ananitembelea, na Kanana mwenyewe tunaongea vizuri kwa simu. Hana mtu. Watu wote wananiambia hana mtu.

Kwa hivyo siku ni yangu, sivyo? Niende tu.

Juzi niliamka moyo umetulia. Kwa mara ya kwanza nilimfikiria nikatabasamu, sikujiuliza yuko wapi na nani. Nikaoga, nikanunua ncoolo nzuri, sikumwambia hata Hamisi. Nikatembea mpaka kwa mzee kwa miguu.

Kwa geti nikakuta pikipiki imepaki. Mpya, nyekundu, sijawahi kuiona. Na ndani nikasikia sauti ya mwanaume, halafu nikasikia Kanana anacheka.

Alikuwa daktari wa ng'ombe. Nilikuja kujua baadaye, mtoto ndiye aliyeniambia. Lakini pale getini tayari wivu ulikuwa umenishika, na nikajua nikiingia hivyo Kanana ataniona usoni, na atajua nimeingia kwa sababu ya mwingine. Ningemdanganya mzee, yeye singemdanganya.

Nikarudi nyuma. Nikakaa kando ya mtaro, nikakata kamba, nikaanza kuitafuna mwenyewe. Niliitafuna yote.

Nilichojifunza ni hiki, na mtu mwenye tabia kama yangu akichukue: nilidhani wivu ni ushahidi kwamba nampenda. Kwa Kanana ni ushahidi kwamba bila mtu wa kunitisha, nisingekuja. Na mpaka leo sina cha kumwonyesha tofauti.

Sasa nauliza wale wenye ugonjwa huu. Mlijuaje mmepona? Au hakuna kupona, mtu unaenda nao hivyo hivyo na kuomba usionekane usoni? Niambieni, hata wa kunicheka karibuni. Nasoma zote.