Notisi na Sahani ya Pojo

Kabla ya hizi kanuni mpya za wapangaji, notisi yangu ilikuwa kufuli. Ukikosa kulipa kodi, unarudi jioni unakuta kufuli langu juu ya kufuli lako, na hapo hatuhitaji mkalimani. Marehemu mume wangu hakuamini kufuli. Yeye alikuwa anang'oa mlango wenyewe kwa bisibisi, anaubeba mpaka sebuleni kwetu, anauegemeza ukutani, halafu anaitisha chai. Mpangaji akilala bila mlango na mbu wa Voi, kesho yake anapata pesa mahali ambapo jana hazikuwako.

Ploti yetu iko barabara ya Taveta, kabla hujafika Mraru. Vyumba vinne vya mabati vinatazamana na nyumba yangu, bomba moja, choo kimoja, kamba moja ya kuanika nguo. Vyumba hivyo ndivyo vinavyonilisha. Watu wakisikia "mama mwenye nyumba" wanafikiri nimekalia gunia la pesa. Nimekalia kiti cha plastiki ambacho mguu mmoja umefungwa kwa waya.

Mpangaji wa chumba cha mwisho alitoka Kasigau na binti yake. Mkewe alikuwa amefariki, na shamba lake lilikuwa limemalizwa na ndovu, mahindi na kunde pamoja na ua. Akaja mjini kufanya vibarua huku akingoja fidia ya serikali, na binti akaingia shule ya kutwa hapa Voi amalizie kidato cha nne. Mwanzoni alilipa vizuri. Kisha ujenzi aliokuwa akibeba mawe ukasimama, na kodi nayo ikasimama. Kila nikimuuliza ananijibu, "Mama, fidia ikitoka tu."

"Mzee," nikamwambia, "ndovu walikula shamba lako, na mimi sikuwaalika. Mbona sasa wanakula na kodi yangu?"

Akacheka. Nikakasirika, maana sikuwa nimesema mzaha.

Aliyenitoa kwenye kiti ni kijana mmoja wa kituo cha reli, mtu wa mshahara, shati limepigwa pasi mpaka mikono, aliyekuja kuuliza kama nina chumba. Nikamwambia kipo. Nikachukua kufuli nikaenda chumba cha mwisho. Mpangaji alikuwa mlangoni anachambua mboga.

"Mama, mimi sikatai kutoka," akasema. "Nakuomba mtoto amalize mtihani. Ameandikishwa kuufanyia hapa. Tukitoka sasa tunarudi Kasigau, na kutoka kule hafiki shuleni asubuhi, labda alale njiani. Akiukosa, mimi sina mwaka mwingine wa kumpa."

"Dawa ya deni ni kulipa," nikamwambia. "Sijasikia mahali dawa yake ni mtihani."

Akaendelea kuchambua mboga. Kisha akasema, kwa ule upole wake uliokuwa unanipandisha presha, "Lakini kwenye baraza, naibu wa chifu alisema siku hizi hakuna kufuli. Ni notisi."

Ala! Nikaenda kwa naibu wa chifu na kufuli mkononi. Akalitazama, akanitazama mimi, akaniambia ni kweli. Kwa sasa mtu asiyelipa kodi hafungiwi wala mlango wake haung'olewi. Anaandikiwa, na anapewa miezi miwili. Nikamuuliza miezi miwili ya kufanya nini. Akasema ya kujipanga. Nikamwambia mtu ambaye amekaa bure muda wote huo amejipanga kunishinda. Akasema, "Mama, pole, lakini andika."

Nikaandikiwa na kijana wa duka la fotokopi. Mpangaji akaipokea kwa mikono miwili, kama mwaliko wa harusi, akasema asante. Haki ya Mungu, alisema asante! Tukatazama kalenda pamoja, mimi na yeye, pale mlangoni. Notisi ilikuwa iishe siku moja kabla ya binti kuanza karatasi ya kwanza. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Si mimi niliyepanga mitihani ya nchi hii.

Ubaya wa notisi ndefu hakuna anayekuambia barazani. Kufuli linamaliza maneno siku hiyo hiyo. Notisi inakuacha ukae na mtu. Unamfukuza leo, kesho mnakutana kwenye bomba, na maji ya Voi hayaji kila siku, kwa hiyo mnakaa hapo na mitungi yenu mkisalimiana. Anakubebea mtungi wako kwa sababu goti linakuuma. Utamkataza? Binti naye alikuwa anasomea nje asubuhi, kwa sauti, akitembea kando ya kamba ya nguo. Mimi sikuenda mbali na shule, lakini sasa najua figo linafanya nini na bahari ya chumvi iko wapi. Sikuomba kujua.

Halafu kuna kimanga. Mimi ni mtu wa Mbololo, kwenye milima ya Taita, na kwetu muhogo na maharagwe vikishapondwa pamoja kwenye chungu, hicho si chakula cha mtu mmoja. Harufu imeshafika kwa jirani kabla hujashika kijiko. Jumapili ya kwanza ya notisi nilijaribu kula peke yangu. Kilinikwama. Nikapakua kwenye sahani yangu ya bati yenye maua mekundu, nikampa binti ampelekee baba yake. Nikamwambia wazi, "Notisi ni notisi, na kimanga ni kimanga."

Sahani ikarudi imeoshwa, imejaa pojo, zile choroko za kijani. Dada yake mpangaji alikuwa anamletea kutoka Kasigau zile zilizonusurika ndovu shambani kwa huyo dada. Hilo halikunishangaza, maana sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiirudisha tupu umemwambia mwenzio kwamba mmemalizana, asikuite hata msibani. Kwa hiyo nikapika pojo nikala, Jumapili iliyofuata nikapeleka kimanga, na sahani ikarudi tena na pojo. Tukaendelea hivyo, mimi nikingoja atoke na yeye akingoja atolewe, na sote tukila vizuri.

Siku notisi ilipoisha tulienda pamoja kwa naibu wa chifu athibitishe. Kijana wa reli alikuwa amenipigia simu asubuhi. Naibu wa chifu akasoma karatasi, akaniuliza, "Tangu umpe notisi hii, umepokea kitu kutoka kwake?"

"Hata ndururu."

"Sijasema pesa, mama. Kitu chochote."

Ningesema hapana. Lakini mimi ni mama wa kanisa, na naibu wa chifu huimba besi katika kwaya ile ile ninayoimba. "Pojo," nikasema.

"Pojo?"

"Za kwenye sahani. Kila nikimpelekea kimanga."

"Ukazipokea, ukapika, ukala?"

"Sasa ningezifanyia nini, nizifunge kufuli?"

Akaweka kalamu chini. Akasema mwenye nyumba akipokea malipo notisi ikiendelea, hata yawe mazao, notisi hiyo imekufa na inabidi ianze nyingine mwanzo. Miezi miwili tena. Nikasimama, na goti langu likasimama na mimi. Nikamwambia yeye ni mtoto wa milimani na anajua fika kwamba ile ni adabu, si kodi. Akasema sheria haijui kimanga.

Hapo nilimtazama mpangaji. Mtu mwingine angeinamisha kichwa afiche furaha yake. Miezi miwili ilikuwa inamtosha, mtihani mzima ungeisha. Yeye akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Naibu wa chifu, mama anasema kweli. Zile pojo hazikuwa kodi. Mimi nilirudisha sahani ya jirani. Nikisema nilikuwa nalipa, nitakuwa nimefanya chakula chake kuwa biashara."

"Mzee, unaelewa unachosema? Kama si malipo, notisi imeisha leo. Unatoka."

"Naelewa."

Alisema naelewa, lakini kofia aliyoishika alikuwa anaikamua kama nguo ya kufua. Binti alikuwa nyumbani wakati huo anachonga penseli za kesho. Niliona uchungu, tena uchungu mbaya, na wangu mimi hutoka kwa mlango wa hasira. Ati mtu anayenidai huruma anataka kunishinda kwa heshima, mbele ya mtu wa kwaya!

"Nyamaza wewe," nikamwambia. "Nani amekuambia haikuwa kodi? Mwenye nyumba ni mimi, na ninayejua nimelipwa nini ni mimi. Ilikuwa kodi. Naibu wa chifu, andika."

"Mama, umetoka kusema ni adabu."

"Andika."

Akaandika. Tukarudi kwa miguu, kila mtu upande wake wa barabara.

Binti akafanya mtihani wake mpaka karatasi ya mwisho. Kijana wa reli akapata chumba kwingine, chenye choo ndani, na hajanipigia tena. Jumapili ya kwanza nilipeleka kimanga kwa sahani kama kawaida, lakini sahani haikurudi, na zilizofuata nikawapakulia kwenye sufuria yao. Nikajiambia wana shughuli.

Mtihani ulipoisha hawakungoja notisi ya pili imalizike. Pikapu ya kwenda Kasigau ikasimama langoni asubuhi, na mpangaji akaja na ufunguo juu ya sahani yangu. Sahani ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa. Nikachukua ufunguo. Chini ya ufunguo hakukuwa na kitu.

"Nisamehe mama," akasema. "Pojo zipo. Lakini uliandikisha kwa serikali kwamba pojo ni kodi. Mimi nadaiwa pesa, na sitaki kupunguza deni lako kwa sahani. Fidia ikitoka nitaleta lote, likiwa zima."

Hakuwa ananisuta. Mtu yule hajui kusuta. Nimezaliwa milimani, nimeolewa, nimezika, nimezeeka, na sijawahi kurudishiwa sahani tupu. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga nayo.

Nikaingia jikoni. Kulikuwa na kimanga cha jana sufuriani, kimekauka juu. Nikakipasha moto, nikajaza sahani mpaka ukingoni, nikaifunika kwa kitambaa, nikampelekea binti ambaye alikuwa ameshakaa juu ya godoro ndani ya pikapu.

"Hii si kodi," nikamwambia, "na yule mtu wa kwaya hayupo hapa."

Akaipokea kwa mikono miwili kama baba yake.

Fidia haijatoka mpaka leo. Chumba kina mwalimu sasa, analipa kwa simu na anakula kazini. Kodi ya yule mzee sijaiulizia. Sahani ndiyo ninayoingoja.